Utumbo wa Kifaranga cha Samaki na Msukumo wa Chakula

Mwanafunzi akaaye Buguruni hana haja ya kwenda mbali kutafuta utumbo wa kuchunguza. Na amwombe muuza samaki matumbo ya perege na ya changu. Utumbo wa perege, alaye mwani, umejikunja kama kamba, na urefu wake hupita urefu wa mwili mara kadhaa. Ule wa changu, alaye kaa na samaki wadogo, ni mfupi. Hata hivyo yote mawili, yakishawekwa mezani, yametulia. Msukumo, ambao ndio kazi yenyewe, umekwisha pamoja na uhai.

Perege jike huatamia mayai kinywani. Vifaranga hulishwa kwanza na kiini cha yai, na kiini hicho kinapokwisha, utumbo sharti uwe tayari kukisukuma chakula. Kuutazama utayari huo, wataalamu humtumia samaki-pundamilia wa Asia ya Kusini, ambaye kifaranga chake hupenya mwanga kama kioo. Hutotolewa kati ya siku ya pili na ya tatu. Kufikia siku ya tano huanza kula. Chini ya hadubini mawimbi huonekana yakipita utumboni. Mibano ya kwanza hutokana na misuli yenyewe. Ndipo neva huitia nidhamu.

Miongoni mwa vijumbe vya neva hizo ni serotonini. Mwitalia Vittorio Erspamer aliichuja utumboni katika miaka ya 1930. Wamarekani wakaipata damuni mwaka 1948. Na mwaka 1952 ikabainika kuwa ni kitu kimoja. Zaidi ya tisa ya kumi ya serotonini ya mwili wetu imo utumboni. (Wanaoiita kemikali ya furaha husimulia sehemu ndogo tu ya habari zake.) Chakula kinapougusa ukuta wa utumbo, seli zake huitoa, neva hushtuka, misuli ya nyuma ya tonge hubana, ya mbele hulegea. Mwaka 2003 ilionyeshwa katika panya kwamba jeni ya kuitengenezea utumboni ni tofauti na ile ya ubongoni.

Lakini kijumbe hakifai pasipo mpokeaji. Seli zizaazo neva za utumbo huanza safari karibu na kisogo cha kiinitete, zikasafiri hadi mwisho wa utumbo. Jeni iitwayo ret hutengeneza protini inayozisikilizisha ishara za njiani. Ikiharibika, seli hazifiki, na utumbo hukosa neva.

Binadamu anayo jeni hiyo hiyo. Mwaka 1886 daktari Harald Hirschsprung wa Denmark alieleza watoto wachanga waliovimba matumbo kwa kukosa choo. Mwaka 1994 kasoro za jeni hiyo zilitambuliwa kuwa chanzo kimojawapo. Mtoto aliyezaliwa akapitisha siku mbili bila choo, tumbo likajaa, akatapika kijani, apelekwe hospitali upesi. Madaktari wa upasuaji, Muhimbili miongoni mwao, hukata kipande kisicho na neva na kukishusha kile kizima hadi mlangoni pa haja kubwa.