Mwanzilishi na Foleni ya Musa: Tunachojifunza kwa Padre wa Mondragón

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro anakwenda kumtembelea mkwewe Musa jangwani na kukuta jambo linalomshangaza. Musa ameketi kuamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, watu wamejipanga mbele yake, na hakuna shauri linaloweza kwisha bila yeye. Mzee anamwonya kwamba atachoka, na watu nao watachoka; heri achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Sisi huihubiri sura hii tunapounda kamati za parokia. Lakini mtu yeyote aliyeanzisha kampuni ikakua angeitambua foleni ile mara moja.

Biashara changa huishi kwa nguvu za mwanzilishi. Ndiye anayenunua, anayeuza, anayepokea simu, anayejua nani anadaiwa. Hilo si kosa, kwa maana bila hivyo biashara isingezaliwa. Ugumu ni kwamba tabia ile ile ya kushika kila kitu ndiyo inayoizuia ikifikia watu thelathini au hamsini. Kila uamuzi unasubiri mtu mmoja, na yeye anadhani wenzake ni wavivu, kumbe amewafundisha kusubiri.

Wakati wa mwaka wangu wa kichungaji niliishi katika parokia yenye mashine ya kusaga na mradi wa matofali. Paroko alikuwa hodari kweli, na miradi ililisha watoto wengi wa shule. Alipohamishwa, haikufika Pasaka mashine ikawa imesimama. Hakuna aliyeiba. Fundi wa kuaminika, bei ya vipuri, madeni ya wateja, hata namba ya siri ya simu ya kupokelea fedha, vyote vilikuwa kichwani mwake, na kichwa kilikuwa kimehamia parokia nyingine.

Ndiyo maana habari za Padre José María Arizmendiarrieta zinanivuta. Alikuwa Mbaski wa kaskazini mwa Hispania, aliyepoteza jicho moja utotoni. Baada ya kupewa upadre alitamani kwenda kusoma sosholojia Ubelgiji, lakini askofu akampeleka kuwa paroko msaidizi Mondragón, mji wa viwanda uliochoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alifika mwaka 1941. Waumini hawakuvutiwa sana na mahubiri yake (mafrateri wenye sauti dhaifu wapate moyo). Mwaka 1943 alifungua shule ndogo ya ufundi, na mwaka 1956 vijana watano aliowalea walianza kutengeneza majiko ya mafuta ya taa. Kiwanda kiliitwa Ulgor, jina lililoundwa kwa herufi za majina yao. Kilikuwa cha ushirika: wafanyakazi ndio wenye mali, kila mmoja kura moja, na mshahara wa juu haukuzidi mara tatu ya ule wa chini.

Majiko yalinunuliwa. Shida ikaja upande wa fedha, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa wengi hatulijui jambo hili: biashara inaweza kufa kwa kupata wateja wengi. Chukua kikundi cha akina mama wanaooka mikate. Wakiuza mtaani, fedha inarudi jioni. Shule ya bweni ikiagiza mikate ya shilingi milioni 2 kwa mwezi na kulipa baada ya siku 60, itabidi wanunue unga, mafuta na kuni za miezi miwili kabla ya kuona senti. Wakipata shule ya pili ya namna hiyo, shimo linakuwa maradufu. Daftari linaonyesha faida, sanduku halina kitu. Mwanzilishi asiyeelewa hesabu hii huishia mikononi mwa wakopeshaji wa riba kubwa huku akipongezwa kwa kukua.

Padre José María aliiona hatari hiyo mapema. Mwaka 1959 alisukuma ianzishwe benki ya ushirika, Caja Laboral, ikusanye akiba za watu wa mji na kuzikopesha kwa vyama vyao. Vijana wake walipinga. Ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza umeneja, na sasa padre anataka wawe wenye benki! Hata hivyo ilianzishwa, na baadaye ikawa na idara ya kuwashauri waliotaka kuanzisha vyama vipya.

Yeye mwenyewe hakushika cheo cha uongozi katika viwanda hivyo. Alishauri, aliandika, alibishana nao, kisha akawaacha waamue, hata pale walipoamua tofauti na alivyotaka. Kwangu mimi hilo ndilo gumu kuliko kujenga kiwanda. Alipofariki mwaka 1976 hapakuwa na kiti cha kugombea, na kazi iliendelea kesho yake.

Lakini ukubwa ulileta maumivu yake. Mwaka 1974 Ulgor ilikuwa na watu zaidi ya 3,000, na mpango mpya wa kupima kazi na kupanga madaraja ya mishahara ukasababisha mgomo. Fikiria: wamiliki wanaigomea mali yao! Waliouongoza, watu 17, walifukuzwa, na wakarudishwa miaka kadhaa baadaye. Katika kundi la watu kumi, sababu ya uamuzi hufika pamoja na uamuzi, kwa kuwa mlikuwa pamoja mlipouzungumza. Kwa watu 3,000 linalofika ni tangazo la ukutani tu. Kura ya mara moja kwa mwaka haizibi pengo hilo. Baada ya mgomo walijihadhari na ukubwa, wakapendelea vyama vidogo vilivyoungana kuliko kimoja kikubwa.

Wala tusidhani waliponea hapo. Kiwanda kile cha kwanza, kwa jina la Fagor, kilinunua kampuni ya Brandt ya Ufaransa mwaka 2005 na kujitwisha madeni. Tangu mwaka 2008 ujenzi wa nyumba ulipoporomoka Hispania, watu waliacha kununua majiko na friji. Mwaka 2013 vyama ndugu vilikataa kuongeza fedha, na Fagor ikafilisika. Wanachama wengi walipewa kazi katika vyama vingine vya Mondragón, ingawa waliokuwa wameikopesha Fagor akiba zao walipata hasara kubwa. Wafanyakazi wa viwanda vyake vya nje ya nchi hawakuwahi kufanywa wanachama, na kwao hapakuwa na chama ndugu cha kuwapokea.