Nta huyeyuka kwa moto gani?

Kila misioni ina sanduku la vipande vya mishumaa. Wakatekista na waseminari huvikusanya, huviyeyusha, na kufanya mishumaa mipya. Kazi hiyo ni njema. Lakini nta hiyohiyo yaweza kuchoma jiko na mikono ya watu, tusipojua kadiri ya moto wake.

Kila chuma kina digri yake ya kuyeyuka. Bati halisi, lile linalochimbwa Maniema, huyeyuka kwa digri 232 (mabati ya nyumba zetu ni kitu kingine: ni chuma kilichopakwa zinki). Risasi huyeyuka kwa 327, shaba kwa 1085. Basi bati hushindwa na makaa machache, lakini wafua shaba wa zamani wa Katanga walihitaji tanuru na mivuba. Tena, kitu kisicho na mchanganyiko hakizidi digri yake mpaka kiyeyuke chote. Gramu moja ya barafu hunywa kalori 80, na wakati huo wote termometre hukaa kwenye 0.

Nta si hivyo. Nta ya nyuki ni mchanganyiko wa vitu vingi, haina mpaka mkali. Kwa digri 35 hulegea. Kati ya 62 na 64 huwa maji. Kwa hiyo katika sakristia yenye mabati bila dari mshumaa hupinda, ijapokuwa bado haujayeyuka. Afadhali mishumaa ilazwe kuliko kusimamishwa.

Parafini, inayotoka katika mafuta ya ardhini, huyeyuka mara nyingi kati ya 46 na 68, kwa namna ilivyosafishwa. Mafuta ya mawese huyeyuka karibu na 35: asubuhi ya baridi yameganda, mchana yanamwagika. Lakini ndani ya mawese na mafuta ya ng'ombe mna stearini, ambayo ikiwa safi huyeyuka kwa 69. Mwaka 1825, katika Ufaransa, Chevreul na Gay-Lussac walipata hati ya kufanya mishumaa kwa kitu hicho.

Roma iliamuru mwaka 1904 kwamba mshumaa wa Pasaka na ile miwili ya Misa iwe ya nta ya nyuki kwa sehemu iliyo kubwa kabisa. Baadaye, mwaka 1974, mabaraza ya maaskofu yalipewa ruhusa ya kuchagua vitu vingine. Hata hivyo anayenunua nta apenda kujua kama ni safi. Tieni chembe ya nta katika kibomba chembamba cha kioo, mkifunge pamoja na termometre, mpashe moto polepole ndani ya maji. Ikiyeyuka kwa 50, imechanganywa. Ikiyeyuka kwa 63, msitangulie kufurahi: parafini nyingine hufika hapohapo.

Sasa hatari yenyewe. Nta haichemki kama maji. Juu ya moto mtupu hupita 100 kimya, na ikizidi 200 mvuke wake waweza kuwaka. Basi sufuria ya nta iwekwe ndani ya sufuria kubwa ya maji. Maji hayapiti 100. Huko Bukavu, karibu metre 1500 juu ya bahari, huchemka kwa 95 hivi, nayo yatosha sana. Angalieni tu yasikauke. Nta ikishika moto, funikeni sufuria, mwondoe makaa. Msimwage maji kamwe: yatazama chini ya nta, yatageuka mvuke mara moja, na kuirusha nta inayowaka usoni penu.

Sufuria ya aluminiamu yafaa. Ya chuma huitia nta weusi.