Kisu cha Mfukoni: Jinsi ya Kukichagua na Kukichukua

Katika pwani ya Kilifi na Malindi ni wachache miongoni mwa watu wa kazi za mikono wasiokuwa na kisu karibu yao. Mvuvi wa Mayungu hukatia kamba na chambo, mkulima wa Kaloleni hukatia vikonyo vya miembe, na mchuuzi wa Mtwapa humenyea machungwa mbele ya wanunuzi wake. Hata mzee aliyekwisha kuacha kazi hupenda kuwa na kisu chake kidogo cha kukatia embe. Lakini wengi hununua kisu kwa kutazama kung'aa kwake tu, kisha hukichukua popote waendapo bila kufikiri. Kununua ovyo huleta vidole vilivyokatika. Kuchukua ovyo kumewafikisha watu mbele ya hakimu.

Vyombo vya makali si jambo geni katika nchi hii. Al-Idrisi, mwanachuoni wa Kiarabu aliyemaliza kitabu chake cha habari za dunia mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba chuma ndiyo iliyokuwa biashara yao kubwa. Na huko Gede, ambako Bwana James Kirkman alianza kuchimbua magofu mwaka 1948, nyumba moja imepewa jina la Nyumba ya Mkasi kwa sababu ya mkasi uliookotwa humo.

Hata leo, atakaye kujua maana ya kisu kizuri hana haja ya kwenda mbali. Na amtazame mgema. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, na kila apandapo hukata kipande chembamba sana cha panda ili tembo lipate kutiririka. Kisu chake, yaani kotama, hakina urembo wowote: ni kipana, chepesi, na kimepinda kidogo. Lakini makali yake ni kama ya wembe, kwa kuwa kisu butu huichana panda badala ya kuikata, na panda iliyochanwa hukauka upesi na tembo hupungua. Kadhalika mgema hapandi na kotama mkononi. Huifunga kiunoni, mahali ambapo haitamchoma akiteleza, na mikono yake miwili hubaki huru kushika mti. Basi mambo yote yampasayo mwenye kisu yamo humo: kiwe cha kadiri ya kazi, kiwe kikali, na kiwe mahali pa salama wakati hakitumiki. Methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama haikutaja kisu kirefu.

Kisu cha Kukunja na Kisu cha Ala

Kwa mtu wa nchi kavu, kisu cha kukunja chafaa zaidi. Bapa lenye urefu wa sentimita 6 mpaka 8 latosha kwa matunda, kamba, magunia na vipandikizi. Atakaye kuangua madafu na achukue panga, kwani kisu kidogo hakiwezi kazi hiyo, na hao wajaribuo huvunja ncha.

Kwa mvuvi mambo ni mengine. Kisu cha kukunja kina kiungo, na mchanga wa ufuoni pamoja na chumvi huingia humo kikakwama. Tena mtu akinaswa mguu na kamba ya nanga, au kasa akionekana anasongwa na wavu, hakuna nafasi ya kukikunjua kisu kwa mikono miwili. Huko Watamu, ambako wavuvi na watunzaji wa bahari wameshirikiana kwa miaka mingi kuwafungua kasa walionaswa na kuwarudisha baharini, dakika chache huwa na thamani kubwa, maana kasa hupumua hewa kama sisi, na akizuiliwa chini ya maji hufa. Kwa hiyo baharini kisu kiwe cha ala, kisichokunjwa, na kifungwe kwa kamba fupi ili kikianguka kisizame. Ncha yake iwe butu, kama desturi ya mabaharia wa nchi nyingi: mashua huyumba, na kisu chenye ncha kali humchoma mwenye nacho au jirani yake.

Mtu akiwa dukani asione haya kukijaribu kisu. Akikunjue, alishike bapa kwa vidole viwili na kulitikisa upande huu na huu. Likicheza sasa, litacheza zaidi baada ya miezi mitatu. Kisha aubonyeze mgongo wa kisu taratibu juu ya ubao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, aone kama kitajikunja chenyewe. Visu vingi vya bei rahisi hujikunja, na hicho ndicho kikatacho vidole. Mafundi wa Ulaya walilitafutia jambo hili dawa kwa njia mbalimbali. Kisu cha Opinel cha Ufaransa, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1890, kiliongezewa mwaka 1955 pete ya chuma ambayo ikizungushwa hulizuia bapa lisirudi. Okapi, kisu kilichotengenezwa Ujerumani tangu 1902 kwa ajili ya kuuzwa Afrika, na ambacho baadaye kilihamia viwanda vya Afrika ya Kusini, nacho kina pete yake ya kuvutwa kabla ya kukunjwa. Kile kisu chekundu cha Uswisi, ambacho asili yake ni kazi ya Karl Elsener aliyeanza kuwapelekea askari wa nchi yake visu mwaka 1891, kwa kawaida katika vile vidogo hakina kizuizi ila kamani tu. Ni kizuri mno, lakini si cha kusukuma kwa nguvu.

Mpini usiwe laini kupita kiasi. Utelezi wa samaki ukishika mpini wa plastiki iliyong'arishwa, mkono huteremka mpaka kwenye makali. Mpini wa mpingo au wa plastiki yenye mikwaruzo ni bora.

Kutu na Kinoo

Wauzaji hupenda kusema kwamba kisu fulani hakishiki kutu kabisa. Sivyo. Chuma hicho, ambacho Bwana Harry Brearley wa Sheffield alikitengeneza mwaka 1913 kwa kuchanganya kromi kiasi cha asilimia 13, huchelewa kushika kutu kuliko chuma kingine, lakini chumvi ya bahari hukitoboa vitundu vidogo vidogo kikiachwa na maji. Chuma cha pua cha kawaida hunoleka kwa urahisi zaidi na hupendwa na wengi kwa sababu hiyo, ila kikilala usiku mmoja na maji ya embe au ya ndimu, asubuhi kina madoa. Kila kisu basi, kiwe cha namna gani, kioshwe kwa maji matamu, kikaushwe, na kipakwe mafuta kidogo. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi, navyo havifai kwa kazi hii. Mafuta ya nazi yafaa sana, kwa kuwa hayageuki ulimbo kiunganioni kama yafanyavyo mafuta mengine ya kupikia. Huganda penye baridi, lakini hilo si tabu ya Malindi.

Katika kunoa, shida ya wengi ni kujua jinsi ya kulaza kisu. Njia rahisi ni hii: kisu kisimamishwe wima juu ya kinoo, kisha kilazwe nusu, na kilazwe nusu tena. Hapo ndipo mahali pake. Kisukumwe upande mmoja mara kadhaa, kisha upande wa pili mara zile zile. Asiyekuwa na kinoo aweza kutumia kitako cha kikombe cha kauri, pale pasipong'arishwa. Jiwe la matumbawe halifai, kwani ni laini kuliko chuma cha pua. Hukikwaruza kisu bila kukinoa.

Kisu kisifanywe bisibisi wala mtaimbo. Chaza wa mikokoni wamewakata wengi viganja kwa sababu hiyo, ncha ikichepuka ghafula. Wala kisitumiwe kupasulia korosho mbichi: mafuta ya ganda lake huchoma ngozi, na yakibaki katika mpini humchoma hata atakayekula embe kwa kisu kile kile.

Mtu akikatwa, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha libanwe kwa kitambaa safi muda wa dakika kumi bila kuchungulia. Majivu, tumbaku na udongo visitiwe kamwe. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, na ugonjwa huo huua. Kidole kikishindwa kukunjika baada ya kukatwa, hata kama damu imekoma, huenda ukano umekatika. Aende hospitali siku ile ile, Kilifi au Malindi, maana ukano uliocheleweshwa ni mgumu kuunga.

Yabaki mambo ya sheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya haikumkataza mkulima kisu chake. Lakini kifungu cha 88 chasema kwamba atembeaye hadharani na silaha pasipo sababu ya halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu, ana hatia. Kifungu cha 308 ni kikali zaidi: aonekanaye ana silaha ya hatari katika hali ionyeshayo nia ya kutenda kosa kubwa aweza kufungwa miaka isiyopungua 7 wala kuzidi 15. Vifungu hivyo havitaji urefu wa kisu. Kitazamwacho ni mahali, saa na mwenendo wa mtu. Kisu kile kile kilichokuwa chombo cha kazi shambani asubuhi huwa kitu kingine usiku katika mangwe, mnazi ukiwa umekwisha kunywewa na maneno yameanza kupanda. Kijana aendaye kunywa, au kwenye mpira, au kwenye mkutano wa siasa, na akiache nyumbani. Afisa wa polisi akimsimamisha mtu, heri aseme mapema kwamba ana kisu na mahali kilipo, wala asitie mkono mfukoni kukitoa mwenyewe.

Asafiriye kwa ndege kutoka Malindi akitie kisu katika mzigo upelekwao chini ya ndege, si katika mkoba wa mkononi.