Potentiometa ya kidijitali: ukinzani unaoamriwa kwa namba

Aliyewahi kuishi na redio ya zamani anaijua kero hii: ukigusa kitufe cha sauti, spika inakwaruza, sauti inakatika, kisha inarudi kwa kishindo. Fundi akiifungua, mara nyingi anakuta chanzo nyuma ya kitufe chenyewe. Hapo ndipo ilipo potentiometa: utepe wa kaboni uliopinda, na juu yake ulimi wa chuma unaoteleza huku na huku. Miguu miwili ya kifaa hicho imeshikana na ncha za utepe. Wa tatu, ule wa kati, umeshikana na ulimi. Ulimi ukisogea, ukinzani unapungua upande mmoja na kuongezeka upande wa pili, na volti ya mguu wa kati inabadilika. Miaka ikipita vumbi linaingia, kaboni inalika, na ulimi haugusi tena sawasawa.

Potentiometa ya kidijitali haina utepe wala ulimi. Ndani ya chipu yake kuna rizista nyingi zenye ukinzani sawa, zimeungwa mfululizo kama vidato vya ngazi, na kwenye kila kiungo pana swichi ya transista. Kwa wakati mmoja ni swichi moja tu inayopitisha umeme kwenda mguu wa kati. Kuhama kidato ni kuzima swichi moja na kuwasha nyingine. Hakuna kinachosuguana.

MCP41010 ya kampuni ya Microchip ya Marekani ni mfano mzuri wa kujifunzia. Ina miguu minane, ukinzani wa omu 10,000 na nafasi 256, hivyo kila hatua ni takriban omu 39. Maikrokontrola huipelekea biti 16: nane za amri, nane za namba ya nafasi. Tuseme ncha moja imeungwa kwenye volti 5 na ya pili kwenye sifuri. Ukituma 64, mguu wa kati unatoa volti 1.25, ukituma 128, unatoa 2.5. Ukituma 255, ambayo ndiyo namba ya mwisho, unapata kama 4.98 badala ya 5 kamili, kwa sababu nafasi ya juu kabisa iko hatua moja chini ya ncha.

Umeme ukikatika, chipu hiyo inasahau kila kitu, na ukirudi inaanzia katikati. Kwa amplifaya, hilo ni jambo la kufikiriwa mapema. X9C103, iliyoanzishwa na kampuni ya Xicor, ina nafasi 100 na kumbukumbu ya kudumu: mtengenezaji anaeleza kuwa hukumbuka nafasi yake kwa miaka 100. Lakini kumbukumbu hiyo imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 tu. Zinaonekana nyingi, ila programu inayohifadhi nafasi kila sekunde itazimaliza kabla ya saa 28 kutimia. Anayeandika programu ahifadhi pale tu inapobidi.

Faida kubwa ya chipu hizi inaonekana kiwandani. Vipimo vya shinikizo, joto au uzito huhitaji kurekebishwa kimoja kimoja, kwa kuwa hakuna vihisi viwili vinavyolingana kabisa. Kazi hiyo ilifanywa na mtu mwenye bisibisi ndogo, akizungusha potentiometa ya kila bodi huku macho yakiwa kwenye mita. Sasa kompyuta inapima, inatuma namba, inapima tena na kuhifadhi.

Kwenye sauti mambo ni magumu zaidi. Sikio halisikii kwa hatua zilizo sawa: kutoka nafasi ya 1 kwenda ya 2 mawimbi yanakuwa makubwa maradufu, ilhali kutoka 254 kwenda 255 hakuna atakayesikia tofauti. Ndiyo maana chipu za sauti hupangwa kwa desibeli. Tena, swichi ikibadilishwa wimbi likiwa juu, spika hutoa mlio mdogo wa kukatika. Chipu bora husubiri wimbi lipite sifuri ndipo zibadili.

Zipo pia pande dhaifu, na hapa wanaojifunza huharibu chipu nyingi. MCP41010 inahimili volti 5.5 na miliampea 1 tu kwenye mguu wa kati, kwa hiyo isitumike kamwe kuendesha taa au mota. Ukinzani wake wa jumla unaweza kuwa popote kati ya omu 8,000 na 12,000. Ikigawa volti hilo halina madhara, maana rizista zote huzidi au hupungua pamoja. Ikitumika kama rizista ya kawaida, hesabu zitakosea.

Kosa linalouma zaidi ni kuiweka kwenye pawasaplai ya LM317, chipu ya kurekebisha volti, badala ya potentiometa ya kuzungusha. Pawasaplai ikitoa volti 12, sehemu ya kurekebishia inabeba volti 10.75, na chipu ya volti 5.5 inaweza kuungua papo hapo. Kwa kazi ya namna hiyo tafuta chipu iliyoundwa kwa volti kubwa, kama AD5290 ya Analog Devices, inayohimili hadi volti 30.