Mazoezi Baada ya Miaka 45: Mkazi wa Makupa Alipie Nini Kwanza?

Wazee wa Makupa na Majengo waliofanya kazi bandarini Kilindini kabla ya enzi za makontena hawakulipia mazoezi. Walibeba magunia mgongoni, wakapanda na kushuka ngazi za meli, na jioni wengi walirudi nyumbani kwa miguu. Kazi ile iliwaumiza, na ujira wake ulikuwa haba hata Januari 1947 wakawa mstari wa mbele katika mgomo mkuu uliosimamisha shughuli za Mombasa. Hakuna haja ya kuitamani. Lakini wana na wajukuu wao leo wanashinda wamekaa: dukani, ofisini, kwenye usukani, barazani. Mjongeo ambao babu aliupata pamoja na mshahara, mjukuu hana budi kuununua, kwa pesa au kwa wakati wake.

Na wauzaji ni wengi. Kuna jimu, kuna saa za kuhesabu hatua, kuna unga wa protini na chai za kupunguza tumbo. Mtu wa miaka 45 au 55 mwenye karo za kulipa na wazazi wa kutunza hawezi kununua vyote, na wala havihitaji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku mbili. Swali letu basi ni hili: hayo yote mkazi wa Makupa atayapata wapi kwa gharama nafuu, na kwa namna ambayo mwakani bado atakuwa anayaendeleza?

Bei za mifano hapa chini ni za kukuonyesha hesabu. Weka bei za mtaani kwako, hesabu itabaki ile ile.

Anza na ukoo wako: hakuna gharama

Kabla ya kutoa shilingi, kaa na shangazi au mjomba aliyebaki. Muulize nani katika ukoo alikuwa na presha, nani sukari, nani alipigwa na kiharusi, na wakati huo alikuwa na umri gani. Umri ndio jambo kubwa. Madaktari huhesabu kuwa ukoo una hatari ya mapema ikiwa baba au kaka alipata maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65. Mtu wa ukoo wa namna hiyo apimwe kwanza, ndipo aanze kukimbia.

Idd, harusi na hitima ndizo nafasi zenyewe, kwa kuwa wazee wamekusanyika na kila mmoja hukumbuka lililomtoka mwenzake. Mara nyingi utaambiwa babu "alianguka tu". Uliza zaidi: alikuwa akilalamika kichwa? Alikuwa akienda haja ndogo mara nyingi usiku? Majibu hayo yaandikwe, watoto nao wayarithi.

Kipimo cha presha: cha kwanza kulipiwa

Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulikuta kuwa asilimia 56 ya watu wa miaka 18 hadi 69 hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Presha haina dalili za kutegemea. Wengi huijua siku ya kiharusi. Kwa hiyo kipimo ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika orodha hii.

Una njia mbili. Ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya cha umma. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya ile ya NHIF, huduma za msingi katika ngazi hizo zimewekewa mfuko wa serikali kwa kila aliyejisajili. Mchango wa bima yenyewe, wa huduma za hospitali, ni asilimia 2.75 ya mapato, na kima cha chini ni Sh 300 kwa mwezi. Jisajili hata kama huumwi.

Njia ya pili ni kununua mashine ya nyumbani. Tuseme inauzwa Sh 4,000. Ndugu wanne wanaoishi jirani wakichanga, kila mmoja anatoa Sh 1,000, na mashine itawahudumia kwa miaka. Nunua ya kufunga mkono wa juu, uiache ya kifundo, na hakikisha mkanda unakutosha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa isiyo ya kweli. Kaa kimya dakika tano, miguu chini, mkono sawa na kifua, na usiwe umetoka kunywa kahawa chungu au kutafuna miraa nusu saa iliyopita. Ikikupa 140 juu au 90 chini, au zaidi, kwa siku kadhaa, nenda kwa daktari.

Kutembea: mshindi wa bei

Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva waliokaa kutwa walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa. Kampuni ni moja na barabara ni zile zile. Mtu wa Makupa anaweza kuwaona watu hao wawili kila asubuhi katika steji ya matatu: dereva ameketi, makanga anashuka na kupanda.

Huhitaji hatua elfu kumi kwa siku. Namba hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani katika miaka ya 1960, na haikutoka maabara. Mwaka 2019, I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichunguza wanawake wazee, wakakuta kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walifariki kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kuongezeka hadi karibu 7,500 kisha ikatulia. Usinunue saa ya bei kubwa kwa ajili ya namba. Simu uliyonayo huenda inahesabu, na dakika 30 za mwendo wa kukuwezesha kuzungumza lakini usiweze kuimba zinatosha.

Mombasa, gharama halisi ya kutembea ni saa. Jua likishapanda, joto na unyevu humkatisha mtu tamaa, hasa msimu wa kaskazi unapoelekea mwisho, Februari na Machi. Baada ya swala ya Alfajiri ndio wakati bora; jioni ni baada ya Alasiri. Mzunguko wa Makupa na barabara ya Jomo Kenyatta hujaa malori na moshi mapema, kwa hiyo ingia mitaa ya ndani kuelekea Tononoka na Tudor. Kina mama wengi hutembea wawili au watatu, nami nawaunga mkono: usalama unaongezeka na uvivu unapungua, bila malipo.

Bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya Oktoba 2019 baada ya ukarabati, ina njia pana, mibuyu na upepo wa bahari. Kutoka Makupa ni upande wa pili wa kisiwa. Ukienda kwa matatu na kurudi, kisha familia ikanunua madafu na mihogo, matembezi ya bure yamekuwa na bili. Yafanye ya Jumapili na watoto. Ya kila siku yaanzie mlangoni pako.

Viatu: usibane hapa, wala usitupe pesa

Champali na makubadhi si vya mwendo wa haraka wa nusu saa. Viatu vya michezo vya mitumba, kwa mfano vya Kongowea, vinaweza kuwa vizuri kuliko vipya vya bandia. Kunja kiatu: kipinde penye vidole, kisipinde katikati. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, umri wake umeisha. Tazama kisigino, kisiwe kimeliwa upande mmoja. Vijaribu jioni, mguu ukiwa umepanuka.

Mwenye kisukari asibahatishe. Kidonda kidogo cha kiatu chaweza kumgharimu mguu, kwa hiyo anunue vinavyomkaa vyema, visivyo na mshono unaokwaruza ndani, na akague nyayo zake kila siku.

Nguvu za misuli: nyumbani au jimu?

Hapa ndipo wengi wa rika letu tunapojisahau. Baada ya miaka 30, mtu asiyefanya mazoezi hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kwa kila miaka kumi. Kutembea peke yake hakurudishi misuli hiyo. Mzee anayeshindwa kuinuka kitini aliipoteza akiwa na umri wetu.

Nyumbani una vifaa tayari. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo mtungi wa lita tano una kilo tano, na ule wa lita 20 tunaouziwa na wenye mikokoteni una kilo 20. Anza na mitungi midogo. Kaa na kuinuka kitini bila kushika, sukuma ukuta, panda ngazi za ghorofa yenu. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, dakika 20. Gharama ni sifuri.

Jimu ina faida tatu za kweli: mkufunzi wa kukusahihisha, uzito unaoongezeka hatua kwa hatua, na watu wa kukungoja. Lakini ipige hesabu kwa siku utakazohudhuria. Tuseme ada ni Sh 2,500 kwa mwezi. Ukienda mara 12, kila siku inakugharimu takriban Sh 208. Ukienda mara 4, kila siku ni Sh 625. Ongeza nauli ya Sh 100 kwenda na kurudi, na zile mara 12 zinafika Sh 3,700 kwa mwezi, yaani zaidi ya Sh 300 kila moja. Jimu ya kawaida unayoifikia kwa miguu inashinda ya kifahari ya Nyali.

Jihadhari na ada ya mwaka. Ukiambiwa Sh 24,000 badala ya Sh 2,500 mara 12, unaonekana umeokoa Sh 6,000. Lakini faida hiyo unaanza kuipata mwezi wa kumi. Ukiacha mwezi wa tatu, ungekuwa umetoa Sh 7,500 tu, na sasa umepoteza Sh 16,500. Lipa kwa siku kwanza, kisha kwa mwezi. Uliza kama ada husimamishwa Ramadhani au ukisafiri, kama kuna saa za wanawake pekee, na kama mkufunzi huwauliza wageni habari za presha na magoti kabla ya kuwapa vyuma.

Bahari na baiskeli

Kuogelea kunayafaa magoti na mgongo. Pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, maarufu kwa jina la Pirates, haina kiingilio. Gharama ni nauli na muda. Nenda siku za maji mafu, kwani wakati wa bamvua maji huvuta sana. Ule mlango wa Likoni uuache kwa meli na feri. Baiskeli ni nzuri kwa moyo, lakini kwa malori yanayoelekea bandarini, mtu wa Makupa aitumie alfajiri katika mitaa ya ndani.

Vya kuacha dukani

Chai za kupunguza tumbo na unga wa protini ziache. Mwaka 2021, Herman Pontzer na wenzake walichapisha katika jarida la Science vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wakaona kuwa matumizi ya nishati ya mwili, ukizingatia ukubwa wake, hayabadiliki kutoka miaka 20 hadi 60. Awali Pontzer alikuwa amewapima Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao hutembea sana kila siku, akakuta nishati wanayotumia kwa siku nzima, ukizingatia ukubwa wa mwili, inalingana na ya watu wa mijini. Kwa hiyo tumbo la miaka 50 mwili haukulileta wenyewe, na mazoezi pekee hayatalimaliza. Mazoezi yatalinda moyo, sukari, mifupa na usingizi. Tumbo lataka sahani ibadilike.

Na kubadili sahani kunapunguza gharama. Soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai. Maji ni nafuu. Mihogo ya kuchemsha badala ya viazi karai, mbaazi zenye tui jepesi, mahamri mawili badala ya manne, biriani ya harusi sahani moja. Vyakula vya bibi vinabaki mezani, kiasi ndicho kinachopungua.

Uamuzi

Kwa mtu wa Makupa aliyepita miaka 45, mpangilio ni huu: habari za ukoo, kipimo cha presha na sukari, viatu vizuri, kutembea siku tano kwa wiki, mitungi ya maji siku mbili. Jimu ije baada ya miezi mitatu ya kudumu katika hayo, iwe ya kufika kwa miguu, ilipwe kwa mwezi. Aliye na maumivu ya kifua, anayeishiwa pumzi kwa mwendo mdogo, au anayetumia dawa za sukari, amwone daktari kwanza.

Ndugu msomaji, wiki hii fanya mawili: mpigie simu mkubwa wa ukoo wako, na upime presha.