Mkunazini: Hapa watu walipigwa mnada

Vijana wengi wa mjini wakirudi kutoka Unguja stori ni zilezile: urojo, pweza wa Forodhani, na kujirusha ufukweni. Safi sana, raha ni haki yako. Lakini mtu akirudi bila kutaja Mkunazini, mimi namuona kama kala wali mkavu, mchuzi kauacha jikoni.

Sikiliza. Ukitoka soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu mpaka lilipokuwa soko jingine. Bidhaa yake ilikuwa binadamu.

Waliletwa kutoka bara, wengi wao upande wa Ziwa Nyasa, wakashushwa Kilwa na kupakiwa majahazini. Wengine waliishia kwenye mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, wengine Uarabuni. Hapo uwanjani mnunuzi anakagua meno, anapapasa misuli, anataja bei. Mama huku, mtoto kule.

Mwaka 1873 Waingereza, kupitia balozi wao John Kirk, walimbana Sultani Barghash: asaini mkataba, la sivyo manowari zizingire kisiwa. Mwezi Juni akasaini, soko likafungwa. Disemba mwaka huohuo wamisionari Waanglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa palepale. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule bingwa wa sarufi ya Kiswahili, na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu. Utaonyeshwa pia duara la marumaru sakafuni. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo watu walipofungwa na kuchapwa viboko.

Wengi wetu tunafunga kitabu hapo: soko kwisha, utumwa kwisha. Wapi! Mkataba ulizuia biashara ya baharini na masoko tu. Aliyekuwa shambani aliendelea kuwa mali ya bwana wake mpaka 1897, miaka 24 mizima, na hata hapo ilibidi aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru. Akina dada, hili ni lenu: masuria waliachwa nje ya sheria hiyo. Wao walisubiri mpaka 1909. Kanisa limeshasimama, kengele zinalia, na mwanamke wa nyumba ya jirani bado ni mali ya mtu!

Ukifika, watembeza wageni watakushusha kwenye vyumba vya chini, vyembamba na vyenye joto, wakuambie watumwa walifungiwa humo. Jengo la juu yake ni la wamisionari, lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaobisha. Wewe shuka uone, lakini usiishie hapo. Toka nje ukatazame sanamu 5 za Clara Sörnäs, msanii wa Uswidi, zilizowekwa mwaka 1998: watu wamesimama shimoni, minyororo shingoni.

Kwa nini nawasumbua na haya? Kwa sababu mpaka leo vijiweni mtu akikasirika anamtukana mwenzake "mtumwa we!", kama vile utumwa ulikuwa aibu ya aliyeuzwa. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua. Waliosimama pale walikuwa na majina, na damu yao inatembea mitaani kwetu.

Basi safari yako ijayo tenga saa moja. Picha piga, hakuna anayekukataza. Ila pale shimoni, tafadhali, usipozi ukichekacheka.