Siku Moja Takwa, Mji wa Kale Kisiwani Manda

Mkazi wa Lamu anayetaka siku moja ya mapumziko hana haja ya kusafiri mbali. Magofu ya Takwa yako ng'ambo tu, katika Kisiwa cha Manda, na mashua huondoka Lamu mjini au Shela.

Kufika

Takwa iko mwisho wa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Mashua hupita maji yakijaa. Yakipwa, njia hubaki matope. Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hivyo ratiba ya jana haifai leo. Msafiri apatane na nahodha mapema kuhusu saa ya kwenda na ya kurudi, na kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha.

Cha kuona

Takwa ilistawi kati ya karne ya 15 na ya 17. Mji ulizungukwa na ukuta, na nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Milango mingi inaelekea kaskazini, upande wa Makka. Msikiti wa Ijumaa ungali unaonyesha mihrabu yake, na juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la mnara lenye maandishi ya Kiarabu ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani takriban 1683. Ukivuka vilima vya mchanga upande wa pili, unakutana na bahari kuu.

Kwa nini mji ulihamwa

Watafiti hutaja sababu mbili: uhasama na Pate, na maji ya visima kuingia chumvi. Wenyeji walivuka mkondo wakaenda Shela, na hadi leo watu wa Shela huja kwenye kaburi hilo kuomba dua ya mvua.

Jambo hili linamgusa kila mkazi. Mji wa Lamu nao hutegemea visima vya Shela, ambavyo maji yake hutokana na mvua inayochujwa na vilima vya mchanga. Vilima hivyo vikichimbwa au kujengwa ovyo, au maji yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupata njia. Magofu ya Takwa yanaonyesha jinsi mji wa mawe unavyoweza kubaki bila watu maji matamu yakikosekana.

Mambo ya kuzingatia

- Takwa ni turathi ya taifa iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kuna ada ya kiingilio.
- Beba maji ya kunywa na chakula, hapana duka.
- Usipande kuta, usiandike juu yake, wala usiondoke na jiwe au kigae.
- Kaburi na msikiti ni mahali pa ibada. Vaa nguo za heshima.
- Usikate mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na ndiyo mazalio ya samaki.
- Rudi na taka zako zote.

Walimu wanaopanga kuleta wanafunzi wawasiliane kwanza na ofisi ya makumbusho mjini Lamu, kisha wachague siku ambayo maji yatajaa mchana, ili watoto wapate muda wa kutosha kabla ya maji kupwa.